Brakiopodi za Kambria ya mwanzo zinakugomea? Geuza ganda uangalie nyuma

Kamwene wadau, hasa nyie wa Iringa na Njombe mnaonitumia picha saa sita usiku. Picha karibu zote zinafanana, ganda limelala kiganjani, limepigwa kwa juu, na swali ni "mkuu hii nini?". Sasa kwa brakiopodi (wanyama wa baharini wenye maganda mawili) za Kambria ya mwanzo, yani zile za kuanzia miaka milioni 539 iliyopita hadi milioni 509 hivi, picha ya juu haisaidii kitu. Duara, yai, nusu duara, hizo sura zinajirudia karibu kila kundi, na mtu akianza kupanga kwa sura atajaza majina mpaka kesho na yote yatakuwa hovyo. Majibu yapo sehemu mbili tu, ganda limejengwa kwa madini gani, halafu huku nyuma kwenye bawaba (pale maganda mawili yanapoungana) na pale kikonyo (ule mkia wa nyama anaojishikizia nao) kinapotokea pakoje. Matatizo yote nitakayoyapitia hapa chini ukiyafuatilia unakuta yanatokana na mtu kuruka moja kati ya hayo mawili.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Brakiopodi ana maganda mawili, la tumbo na la mgongo, na kikonyo mara nyingi kinahusiana na ganda la tumbo. Makundi makubwa ni matatu: Linguliformea, ganda lao ni la fosfeti, Rhynchonelliformea, ganda la kalsaiti, na Kraniiformea ambao nao ni wa kalsaiti ila kwa Kambria ya mwanzo usiumize kichwa nao. Mpangilio huu ulitolewa na Williams na wenzake mwaka 1996. Kabla ya hapo watu waligawa kwa "wenye meno ya bawaba" na "wasio na meno", na mpaka leo kuna notsi za chuo zinazunguka na huo mgawanyo wa zamani, ukiufuata kwa Kambria ya mwanzo umekwisha, maana kuna makundi ya kalsaiti kabisa ambayo hayana meno ya maana, mfano Obolella. Mtu anaona hamna meno anaandika "lingula" (yani mmoja wa Linguliformea) anaenda kulala.

TATIZO: Umeokota kitu hapa hapa nyumbani na unataka kiwe brakiopodi wa Kambria

Hili nalimaliza mapema kwasababu linanijia sana. Nyanda za juu kusini hatuna bahari ya Kambria. Mawe ya zamani ya Mbeya, yale ya ukanda wa Ubendi, yana miaka karibu bilioni 2 na yameshapikwa na kukunjwa mpaka basi, hayo ni ya kabla wanyama hawajawepo. Ukishuka kwenye makaa ya mawe, Songwe-Kiwira, Mchuchuma, bonde la Ruhuhu, hapo uko kwenye Karoo, zama za Permia na Triasiki, na ni matope ya mito, mabwawa na maziwa. Mawe mekundu ya huku Rukwa ni ya dinosaria, ndo alikotoka Rukwatitan aliyepewa jina 2014. Katikati ya hayo yote Kambria haipo, na brakiopodi ni mnyama wa baharini.

Kwahiyo yule ndugu wa Ludewa mwenye vijiganda kwenye shale nyeusi, hivyo ni kimojawapo kati ya viwili, kombe wa maji baridi, au konkostraka, yani mdudu mdogo jamii ya kamba anayeishi ndani ya maganda mawili. Namna ya kutofautisha kombe na brakiopodi ni rahisi. Chukua ganda moja, chora mstari wa kufikirika kutoka kwenye mdomo wa nyuma (ile ncha ya ganda upande wa bawaba) mpaka katikati ya ukingo wa mbele. Kwa brakiopodi upande wa kushoto na wa kulia wa ganda hilo hilo vinalingana, ila ganda la tumbo na la mgongo hayalingani. Kwa kombe ni kinyume, maganda mawili yanalingana yenyewe kwa yenyewe ila kila moja limepinda upande. Makombe hata Kambria ya mwanzo walikuwepo, Pojetaia na Fordilla, vidogo vya milimita chache, kwahiyo hilo jaribio utalihitaji hata ukiwa na sampuli halali.

Na tafadhali, jiwe kutoa povu ukilidondoshea siki hakulifanyi liwe la baharini. Chokaa ya chemchemi za moto za Songwe inatoa povu na ni ya juzi tu kijiolojia. Panda Hill nako panatoa povu na lile ni jiwe la volkano, kabonatiti ya zama za Kretasia, hakuna ganda lolote mle hata ukisaga kilima kizima.

Kinachobaki basi ni kusomea kwenye seti za kufundishia, kasti za resini, picha za maikroskopu, au vipande vya chokaa kutoka nje ya nchi vilivyokuja kihalali na karatasi zake. Kuanzia hapa naongelea hivyo.

TATIZO: Umeyeyusha jiwe na kila kilichobaki ni Linguliformea

Yani umepata vijiganda vingi vya kahawia vinang'aa, umevipanga vizuri, halafu unaandika kwamba bahari ile ilikuwa na Linguliformea watupu. Hapana. Ni asidi ndo imekuchagulia. Asidi ya asetiki inakula kalsaiti na kuacha fosfeti, na ndo maana tunaipenda, ila maana yake ni kwamba Kutorgina, Nisusia, Obolella na jamaa zao wote wa kalsaiti wameyeyuka pamoja na jiwe, umewamwaga kwenye ndoo. Hesabu yako haihusu tena bahari, inahusu ndoo.

Dawa yake: kabla ya kuyeyusha, pasua jiwe kwa nyundo na upitie kila uso mpya kwa lenzi ya mkononi kwenye jua la asubuhi linalokuja kwa pembeni. Maganda ya kalsaiti yanajionyesha kwa mkato, kijimstari cheupe au kijivu kilichopinda. Kata kipande kimoja, kilainishe kwa msasa wa maji, kiloweshe, utaona. Pia kagua mabaki ya asidi kwa wale wa kalsaiti waliogeuzwa kuwa silika, hao wanapona asidi.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Fosfeti inaweza kujaa ndani ya ganda la kalsaiti, ganda lenyewe likayeyuka, ukabaki na kijazo cha ndani. Kwa macho ni cha kahawia na kinang'aa, unasema "fosfeti, basi lingula", kumbe hilo sio ganda, ni umbo la chumba cha ndani. Angalia ukingo uliovunjika. Ganda halisi la fosfeti lina tabaka tabaka nyembamba na nje lina mistari ya ukuaji, kijazo ni bonge moja tu lisilo na tabaka, na uso wake unaonyesha alama za ndani kama misuli zikiwa zimegeuka, palipokuwa na shimo pana uvimbe. Jina la madini usilitoe kwa rangi peke yake.

TATIZO: Umeyeyusha na hakuna kilichobaki, au kilichobaki kimeliwa

Hapa mara nyingi ni asidi isiyo sahihi. Asidi ya kusafishia vyoo ni haidrokloriki, inamaliza fosfeti pia, usitumie kabisa. Maji ya betri ya gereji ni salfuriki, ukiyaweka kwenye chokaa yanatengeneza ukoko wa jasi juu ya jiwe halafu kazi inasimama, ukija kuchungulia unakuta jiwe limevaa koti jeupe. Inayotakiwa ni asetiki ya asilimia 5 mpaka 10, siki nyeupe ya dukani iko kwenye 5 hivi kama haijachakachuliwa. Maganda yakitoka yamechubuka na uso umekuwa wa unga unga, basi asidi imekuwa kali kwa fosfeti. Wanaofanya hii kazi kila siku hawamwagi maji yote ya awamu iliyopita, wanabakiza kiasi na kuchanganya na asidi mpya, kwasababu yale maji yana asetati ya kalsiamu inayotuliza ukali.

Kama jiwe limekaa tu halitoi hata kipovu, sababu ni mbili. Labda ni dolomaiti, hiyo asetiki inaiumiza taratibu mno. Au ni baridi. Mnacheka lakini Mbeya ya Juni na Julai, chumba kisicho na jua kule Forest au Uyole, asidi inalala kabisa, sogeza beseni dirishani linakopiga jua la mchana na utaona tofauti. Ila madirisha yawe wazi, na asetiki ile kali ya chupa ya maabara mvuke wake unashika moto, kwahiyo jiko la mkaa likae mbali nayo hata kama vidole vinaganda.

Chuja kwa chujio la mikroni 100 au chini ya hapo. Chujio la chai litakupotezea karibu kila kitu cha maana.

TATIZO: Una kikoni kidogo na kila mtu anakipa jina lake

Huu ndo ugomvi mkubwa kuliko wote na mimi naupenda. Kitu kina ukubwa wa punje ya ulezi, kimechongoka juu, chini ni wazi. Wanaogombania ni watatu.

Wa kwanza ni ganda la tumbo la akrotretidi, brakiopodi wadogo wa fosfeti, mfano Eohadrotreta, Hadrotreta, Linnarssonia. Wa pili ni helkionelloidi, jamaa wa konokono wa zamani, ganda lake ni kikofia. Wa tatu ni kifuniko cha hiolithi, mnyama aliyeishi ndani ya bomba na kufunga mlango kwa kibao.

Weka ncha ya koni chini ya lenzi kubwa kadiri unavyoweza. Akrotretidi ana tundu la kikonyo pale pale nchani au nyuma yake kidogo, na pembeni ya tundu kuna kijiganda cha utotoni, kidogo sana, ambacho kwa maikroskopu ya elektroni kinaonekana kimejaa vishimo vya duara. Vile vishimo ukiviona umeshinda kesi. Halafu geuza koni uangalie upande wake wa nyuma, utakuta uso umebonyea kuwa bapa na mara nyingi una mfereji unaoshuka katikati. Helkionelloidi hana tundu, ncha yake mara nyingi imeinama upande mmoja, na anavyotoka kwenye asidi kwa kawaida ni kijazo cha ndani tu. Kifuniko cha hiolithi nacho hakina tundu, nje kimegawanyika sehemu mbili kwa mikunjo inayotoka kwenye ncha, na ukikigeuza ndani kina vijipembe viwili vilivyosimama upande mmoja. Akrotretidi hana kitu cha hivyo ndani ya koni.

Kama koni imevunjika, usiitupe. Ukingo uliovunjika wa ganda la akrotretidi unaonyesha vijinguzo vimesimama kati ya tabaka na tabaka, mpangilio wa safu safu ambao helkionelloidi hana wala hiolithi hana. Nimeshaona mabishano yamedumu jioni nzima pale Mwanjelwa juu ya koni nzima isiyo na ncha ya kueleweka, halafu kipande kilichovunjika cha chumba hicho hicho cha trei kikamaliza kesi kwa dakika chache.

Sasa kuna nyongeza. Una vikoni vyenye tundu lililofungwa vizuri, na una vijiganda bapa vidogo zaidi vyenye nyufa tu kwa nyuma, hakuna tundu. Unataka kuviita aina mbili. Subiri kwanza. Eohadrotreta wa China kusini wamefuatiliwa toka utotoni mpaka ukubwani, na kilichoonekana ni kwamba mtoto anaanza na uwazi wa nyuma usiofungwa, kikonyo kinapita ukingoni, anavyokua uwazi unazibwa taratibu unakuwa tundu, na baadae ndo ule uso wa nyuma unarefuka na koni inapanda. Kwahiyo mtoto wa akrotretidi anafanana na lingulidi, wale Linguliformea wa kawaida wenye ganda bapa. Panga vijiganda vyako kwa ukubwa kutoka kidogo kwenda kikubwa. Ukiona mabadiliko yanapita hatua kwa hatua bila pengo, hiyo ni aina moja, acha kuongeza majina.

TATIZO: Bawaba imenyooka, kwahiyo umeandika Rhynchonelliformea

Umeharakisha. Bawaba iliyonyooka ipo kwa watu watatu tofauti na hapa ndo madini yanaokoa.

Kama ni fosfeti na bawaba imenyooka, mtuhumiwa wa kwanza ni paterinidi. Hawa ni watu wa ajabu kidogo, ganda la fosfeti la Linguliformea ila sura ya nyuma ya Rhynchonelliformea, ukingo mrefu ulionyooka, uwazi wa pembetatu katikati, na juu ya pembetatu kijibamba kilichoinama kinafunika sehemu yake. Hata mpangilio wa misuli na mifereji ya ndani unaelekea upande wa wale wa kalsaiti. Ni wakongwe pia, Aldanotreta wa Siberia ni miongoni mwa brakiopodi wa zamani kabisa tunaowajua. Ukishajua ni paterinidi, uso wa nje ndo unakupeleka kwenye jina: Paterina ana mistari ya ukuaji iliyobanana, Dictyonina ana wavu wa vishimo uliojipanga, ukiuona mara moja hauusahau.

Kama ni fosfeti, bawaba imenyooka, ila hakuna mistari ya ukuaji hata mmoja, pumua kidogo. Hiyo inaweza isiwe brakiopodi kabisa. Kuna bradoriidi, arthropodi wadogo wenye maganda mawili, hao walikuwa wanajivua ganda na kuvaa jipya, kwahiyo ganda halina kumbukumbu ya kukua. Brakiopodi anaongeza ganda ukingoni maisha yake yote, mistari lazima iwepo hata kama imechakaa. (Konkostraka wetu wa Karoo wanavuruga hii kanuni, wao wanajivua lakini ganda la zamani linabaki limeng'ang'ania juu ya jipya na mistari inaonekana. Ila hao hawapo kwenye Kambria yako.)

Kama ni kalsaiti ndo sasa unaingia kwenye Rhynchonelliformea, na bado kuna kazi. Tafuta meno kwenye ganda la tumbo na vishimo vyake kwenye la mgongo. Meno halisi yakiwepo, angalia upande wa protorthidi kama Glyptoria. Yasipokuwepo, au yakiwepo vijinundu vya kuchezea tu, fikiria kutorginidi. Nisusia ana mbavu nyembamba zenye miiba, ambayo mara nyingi imevunjika na kuacha vitundu au vinundu juu ya mbavu, usivihesabu hivyo kuwa pambo jipya. Kutorgina ana mikunjo minene ya mzunguko, na tunajua kikonyo chake kilitokea wapi kwasababu kule Chengjiang, Yunnan, kwenye matope ya miaka milioni 518, kimehifadhiwa chenyewe, kinene, kina pete pete, kinatoka katikati ya maganda mawili kwa nyuma. Kabla ya hapo watu walikuwa wanabahatisha kwa kutazama vitundu.

Kuna na wale wa Chileata, mfano Matutella, bawaba ndefu iliyonyooka, meno hakuna, ila ganda la tumbo limetobolewa tundu kubwa karibu na mdomo. Ambayo inatupeleka kwenye tundu.

TATIZO: Kuna tundu lakini hujui ni la nini

Usiseme "kuna tundu", sema liko wapi kulinganisha na kijiganda cha utotoni, ndo unakuwa umesema kitu. Kama hakuna tundu ila kuna mfereji kwenye ukingo bapa wa nyuma wa ganda la tumbo, unaelekea kwa lingulidi wa kawaida kama Eoobolus. Tundu refu lililozungukwa pande zote na huo ukingo bapa ni Lingulellotreta. Tundu dogo la duara nchani ni akrotretidi kama nilivyosema. Tundu la yai mbele ya mdomo, yani upande wa kuelekea katikati ya ganda, na ganda ni la kalsaiti, fikiria Trematobolus, huyo ni jamaa wa Obolella, na kwake tundu lilikuwa linasogea kadiri mnyama anavyokua, linakula ganda mbele na kuacha njia nyuma.

Halafu kuna tundu ambalo mnyama mwenyewe hana habari nalo. Kambria ya mwanzo ilishakuwa na wawindaji waliotoboa maganda. Tundu la kutobolewa linaweza kukaa popote, hata kwenye ganda la mgongo, linakata mistari ya ukuaji bila kuijali, wakati tundu la kikonyo mistari ya ukuaji inalizunguka au kuinama kulifuata. Ukiona mistari imekatwa kwa kisu namna hiyo, hiyo sio sifa ya jamii, ni siku mbaya ya mnyama mmoja.

TATIZO: Ganda lote lina vitundu vidogo vidogo

Ganda la fosfeti, kubwa, linaweza kufika sentimita kadhaa, na limejaa vijibomba vinavyopenya tabaka zake. Umelazimisha liingie lingulidi na haliingii. Haliingii kwasababu huenda halipo ndani ya makundi matatu. Mickwitzia, aliyepewa jina la mhandisi Mickwitz wa Estonia na anayejulikana sana kwenye mchanga wa Kambria wa Sweden, ana hivyo vijibomba, na inaaminika vilibeba nywele ngumu. Micrina wa South Australia naye ana vijibomba vya namna hiyo, na zamani vipande vyake vilichukuliwa kuwa magamba ya mnyama mwenye magamba mengi, mpaka 2008 Holmer na wenzake walipovisoma upya kama maganda mawili ya mnyama mmoja. Hawa wako kwenye shina, kabla brakiopodi wa kweli hawajagawanyika. Kwahiyo jibu sahihi kwenye daftari ni "brakiopodi wa shina", usione aibu kuandika hivyo, ni jibu kamili.

TATIZO: Maganda mengi ya fosfeti yenye umbo la yai, yasiyo na sifa

Hapa ndo uvumilivu unaisha. Vijiganda vya yai, bapa, vinafanana vyote. Watu wanakimbilia vipele kwenye uso, wanaona vipele wanaandika Botsfordia. Eoobolus naye ana vipele. Vipele peke yake havikufikishi popote, rudi nyuma ya ganda. Eoobolus ana ukingo bapa uliokua vizuri, mbawa mbili kushoto na kulia, kila moja ina kijimkunjo kinachoikata, na mfereji wa kikonyo katikati. Botsfordia ukingo wake umepungua, kilichobaki zaidi ni uwazi wa pembetatu. Ukingo ukiwa umevunjika, na huwa unavunjika wa kwanza, basi ishia kuandika "Lingulida" na usogee mbele. Orodha yenye majina sita ya uhakika na kumi na mbili ya "Lingulida" mimi naiamini kuliko yenye majina kumi na nane yaliyonyooka.

Kwa yale yaliyolala kwenye shale na kubanwa, urefu na upana usivipe uzito. Jiwe likivutwa upande mmoja, aina moja inakupa maganda marefu na maganda mapana kwenye bamba hilo hilo kutegemea yalilala yakiangalia wapi. Angalia kama marefu yote yanaelekea upande mmoja na mapana yote yamekaa kwa kukatisha, ikiwa hivyo ni jiwe, sio mnyama.

Na maganda ya tumbo na ya mgongo yakiwa yameachana, ambayo ndo kawaida, usiyape majina tofauti kwa kuwa moja ni koni na lingine ni kisahani. Ganda la mgongo la akrotretidi ni bapa, na ndani mara nyingi lina ukuta mdogo uliosimama katikati. Linganisha kijiganda cha utotoni cha pande zote mbili, ukubwa wake na vishimo vyake, kisha tazama kama idadi za hayo maganda mawili zinapanda na kushuka pamoja kutoka sampuli moja kwenda nyingine.

Mkinitumia picha basi, nataka hizi: ganda la tumbo kwa nyuma kabisa, bawaba ikiniangalia usoni, ndani ya ganda kama limefunguka, na ukingo mmoja uliovunjika kwa karibu mpaka tabaka zionekane. Weka kipimo cha milimita pembeni, sio sarafu. Andika jiwe limetoka wapi na limeyeyushwa na nini, na kama ni maji ya betri sema ukweli tu, ili nisihangaike kutafuta jina la ukoko wa jasi.